Chomeka Yako Kwanza

Nyumba nzima ilimwita Injinia, na aliyemwanzishia jina hilo ni mama yake mzazi, kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi. Tangu pasi hiyo kichwa kikamvimba. Akishakaa karibu na kitu chenye waya, wewe mwenye kitu huna tena kauli.

Siku hiyo kitu chenyewe kilikuwa kompyuta ya mke wa kaka yake. Mwanamke huyu alikuwa mhariri wa video za harusi, na kazi yake aliifanyia chumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na dirisha. Kompyuta aliiunga Injinia kwa vipande vya kuokoteza, ikakubali kwa muda, kisha bodi ikafa. Bodi ni ile sahani pana ya ndani inayobeba kila kitu. Injinia akaleta mpya, na hiyo mpya ikaikataa pawa saplai ya zamani, lile sanduku la chuma linalogawa umeme. Bodi ilitaka plagi ya miguu minane, sanduku lilikuwa nayo ya miguu minne. Ukiwasha, feni inazunguka nusu, inazima. Unawasha tena, nusu, kimya.

"Bodi yako ina deko," Injinia alisema, utadhani si yeye aliyeileta.

Sasa alikuwa amerudi na sanduku jingine la mtumba, zito, kaliweka juu ya shuka safi bila kuuliza. Waya za kwenda kwenye bodi zilikuwa zimeungwa humohumo, zenye miguu yote inayotakiwa. Za kwenda kwenye diski hazikuwepo, yalibaki matundu tu. Injinia hilo hata halikumnyima raha. Alichomoa waya wa diski kwenye sanduku la zamani, akaanza kuusukuma kwenye sanduku jipya.

Mhariri alisimama pembeni, diski yake kaipakata. Ndani yake mlikuwa na harusi nzima ya binti wa watu, haijaguswa, na wenyewe wangeifuata kesho yake. Bwana na bibi harusi huwezi kuwaambia warudie. Akiipoteza hiyo, jina lake kwenye kazi ndiyo basi tena. Na nakala ilikuwa hiyo moja. Ya pili ilikuwepo, kwenye diski ya akiba, mpaka Injinia alipoingia chumbani bila hodi, akaichukua, akaifuta, akajazia nyimbo anazojirekodi. Alipoulizwa alicheka.

"Si unayo nyingine, shemeji?"

Na mama mkwe akasema mwanawe hajaiba, kaazima. Hilo donge mhariri alikuwa bado nalo rohoni, halijashuka hata kidogo.

"Haiingii hiyo," alisema.

"Itaingia."

Injinia akaenda jikoni, akarudi na kisu cha kukatia vitunguu. Akaanza kuikwangua plagi pembeni, vipande vyeusi vya plastiki vikidondokea shukani.

"Shemeji, huo waya si wa sanduku hilo. Ungekuwa wake ungeingia bila kisu."

"Plagi ni plagi. Wewe kata video zako."

"Huenda ndani nyaya zimepangwa vingine. Umeme mkubwa ukipita njia ya mdogo, diski inaungua. Na hapo ubavuni wameandika, tumia waya zake tu."

"Wanaandika ili tukanunue zao."

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, mikono kiunoni. "Mwache mwenzio afanye kazi," alisema. "Wewe kila kitu unajua. Mbona hukujitengenezea mwenyewe?"

Mhariri akaikaza diski yake kifuani. Haambiliki huyu, na mama yake ndiye aliyemlea hivyo. Plagi ikaingia, kwa nguvu. Injinia akawasha bila diski, apate kuona. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, skrini ikawaka. Bodi na sanduku vilikuwa vimepatana, kweli, tena kwa heshima zote. Mama mkwe akapiga makofi mawili.

"Umeona?" Injinia alizima, akanyoosha mkono bila hata kugeuka. "Lete diski."

"Chomeka yako kwanza."

Akageuka sasa.

"Ile uliyoazima," mhariri alisema. "Kama plagi ni plagi, si itafanya kazi?"

Injinia akamtazama mama yake. Kukataa mbele yake ilikuwa sawa na kulirudisha lile jina. Akaenda chumbani kwake, akarudi na diski, kaibandika karatasi yenye jina lake la kisanii. Akaushika waya. Kidole gumba kikapita pale alipokwangua, kikasimama. Mhariri alikiona kimesimama. Neno moja tu, "acha", lingetosha, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akakikumbuka kile kicheko. Akalimeza.

Injinia akachomeka, akawasha.

Kulitoka mlio mdogo, kama kijiti cha kiberiti kinavyovunjika, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Skrini iliendelea kuwaka bila wasiwasi, ikiandika kwamba haioni diski yoyote. Injinia aliing'oa, ikamchoma, akaihamishia mkono wa pili, wala hakuiachia.

"Ulijua," alisema.

"Nilikuambia."

"Ulijua, ukaniangalia tu."

"Ndiyo."

Hakumtukana. Mhariri alikuwa amejiandaa kwa matusi, majibu yake yote tayari. Alifurahi, tusidanganyane. Furaha ilimjaa kifua kizima. Kisha akaona midomo ya yule kijana inacheza, mtu mwenye ndevu zake, na furaha ikaanza kumchachia. Lakini hakuomba msamaha. Aliichukua taulo kitandani, akaizungushia diski yake, ili akatafute kompyuta ya mtu aikeshee harusi ya watu.

Mama mkwe hakuwa ameelewa. Alizitazama zile diski mbili, moja kwenye taulo, nyingine kwenye kiganja cha mwanawe, akamsogelea, akamshika bega.

"Nyimbo zako ndiyo zilikuwa humo?" aliuliza kwa upole. "Si unayo nyingine, mwanangu?"