Chumba Alimolala Mwandishi

Itangazwe kwa mkoa mzima, kwa wilaya zote, shule, zahanati na vituo vya mafuta: mwaka huu imetimia miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa Mwandishi wetu Mkuu, marehemu, ambaye riwaya zake zimewaliza watu wazima na kuwafelisha wanafunzi. Kila wilaya ioneshe uhusiano wake na Mwandishi. Bendera zipandishwe, hotuba zisomwe, mawe yapakwe chokaa. Na Mama Pindo atoe cherehani yake kupitia mlango wa nyuma ifikapo Alhamisi, maana wa mbele utakuwa unapakwa rangi.

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwa kwenye tangazo. Aliileta Afisa Utamaduni kwa mdomo wake.

Mama Pindo ndiye aliyeshona sare za shule yetu ya bweni. Jina alilipata kwa wanafunzi: kila suruali aliiachia pindo la vidole vinne kwa ndani, mtoto akirefuka lifumuliwe, mzazi asinunue nyingine. Alipanga chumba kimoja nyuma ya ukuta wa shule, cha mwisho kati ya vitatu. Humo mlikuwa na kitanda, cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa na mama yake mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yamezima miaka sita iliyopita.

Bibi alikuwa amekijifunza chumba kile kwa miguu. Hatua nne kutoka kitandani hadi kwenye ndoo ya maji. Kutoka hapo, mbili hadi mlangoni. Nje, akishika kamba ya kuanikia nguo, hatua kumi na moja hadi chooni. Hakumwita mtu. Kwa sababu hiyo binti yake aliweza kukanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jioni bila kunyanyuka, na kwa sababu hiyo walikula.

"Hodi hapa," alisema Afisa.

"Karibu. Suruali za kidato cha pili bado."

"Sikufuata suruali, mama. Nimefuata historia."

"Hiyo sishoni."

Afisa hakucheka. Nyuma yake alisimama mwenye nyumba, akiangalia viatu vyake mwenyewe kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Afisa akaeleza kwamba katika kitabu cha zamani cha wageni, kwenye maktaba ya shule, umegunduliwa mstari wa thamani kubwa, na akausoma kwa sauti ya msibani: "Nimelala vizuri katika chumba cha mwisho, nyumba ya nyuma ya ukuta. Hapa ndipo riwaya yangu ilipopata mwisho wake." Chini yake, sahihi ya Mwandishi.

"Cha mwisho kwa kuhesabu kutoka wapi?" aliuliza Mama Pindo.

"Kutoka barabarani."

"Na ukihesabu kutoka chooni?"

"Mama, Mwandishi hakutokea chooni."

Mama Pindo alichomoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kola aliyokuwa anaishona. "Baba mwenye nyumba, si wewe uliyeniambia nyumba hii ilijengwa baada ya mafuriko? Huyo marehemu wenu alikuwa hai bado?"

Mwenye nyumba alikohoa. Alikuwa ameahidiwa bati jipya na sakafu ya vigae.

"Utafiti unaendelea," alisema Afisa. Akaomba futi ya kupimia, ya Mama Pindo mwenyewe, akapima chumba urefu na upana, akamrudishia na kumshukuru.

"Basi nisikilizeni. Chumba kiwe cha makumbusho, sawa. Wageni waje mchana, mimi nitajibana pale pembeni na cherehani yangu. Waambieni ni yake. Nitakaa kimya kama marehemu. Ila Mama abaki. Anajua humu tu."

"Mwandishi hakushona, mama yangu."

"Dada," alisema mwenye nyumba, "wewe kwangu ni ndugu kabisa. Lakini wakubwa wakishasema..."

Alinyanyua mikono, akaiacha ianguke.

Alhamisi tulitolewa wanafunzi kumi na wawili kwenda kumhamisha, ikaitwa elimu kwa vitendo. Nilibeba pasi. Bibi alikalishwa uani kwenye kiti, akawa anageuza kichwa kufuata vishindo.

"Nani anahama?" aliuliza.

"Sisi, Mama."

"Sisi nani?"

Mama Pindo aliinama. Alikuwa anaokota vifungo sakafuni, kimoja kimoja, huku fundi wa rangi akisubiri na brashi inayodondosha.

Walipata stoo nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Ukuta ulitetemeka, unga ulitua juu ya kila kitu, na rafu moja ilikuwa usawa wa paji la uso wa Bibi. Siku ya kwanza aliigonga mara tatu. Siku ya pili hakushuka kitandani. Kila alipotaka kitu aliita, na kila alipoita cherehani ilinyamaza. Muhula ulikuwa ndiyo kwanza umefunguliwa, na suruali arobaini zilikuwa bado vitambaa.

Sherehe ilifana, hilo naliandika kwa heshima zote. Mgeni rasmi alikata utepe. Bamba la shaba lilifunikwa kwa pazia, na pazia lilipindwa na Mama Pindo, ambaye aliitwa dakika za mwisho kwa sababu lilikuwa linaburuza chini. Alikuwa bado amepiga magoti na sindano yake wakati watu walipoanza kupisha njia.

Bibi alikuwa amekuja. Mpita njia alimfikisha kwenye ukuta wa shule, na kutoka pale hakuhitaji mtu. Aliingia mlango wa mbele, akapiga hatua mbili, kisha nne upande wa kitandani, akainama kukaa. Mikono ilikuta kabati la kioo lenye kalamu ya wino ndani. Akalipapasa kote, juu, pembeni, chini.

"Kitanda kiko wapi?"

Afisa alikuwa na kipaza sauti mkononi. "Mnaona, ndugu wananchi! Hata wasioona wamekuja kumgusa Mwandishi!"

Watu walipiga makofi. Mgeni rasmi alifuta machozi. Picha zilipigwa, moja ikiwa na Mama Pindo kwa nyuma, akimvuta mama yake mkono na uzi ungali unaning'inia kwenye sindano. Na mimi nilipiga makofi. Mwalimu wa zamu alikuwa ananiangalia.

Baada ya siku mbili nilikwenda kuchukua suruali yangu. Kwa Mama Pindo kila mteja huandika mwenyewe kwenye daftari lake, jina na kiuno na urefu, ili baadaye asije kusema fundi alikosea. Alilifungua kwenye ukurasa wangu. Pembeni yake akaweka ratiba ya sherehe, iliyochapishwa kwa rangi, na juu yake picha kubwa ya ule mstari wa Mwandishi. Akaweka kidole kwenye herufi moja, akakihamishia kwenye daftari.

"Mimi sisomi sana hizi riwaya zenu," alisema. "Lakini nimeshona miaka ishirini. Mkono wa mtu naujua."

Nilifikiria kukana. Nina kipaji cha kukana; shule nzima inalijua hilo.

"Ni mimi, mama."

"Wino wa kizamani uliutoa wapi?"

"Nilichanganya na chai. Palikuwa na nafasi kitabuni, kati ya majina ya wageni wawili. Tulikuwa tunacheka tu."

"Na kwa nini chumba changu?"

"Ndicho kinachoonekana kutoka dirisha la maktaba."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. "Kawaambie."

Nikaenda kuwaambia. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini na Afisa, wanakunywa soda. Niliungama kila kitu, mpaka chai.

"Wewe?" alisema mwalimu mkuu. "Wewe wa alama thelathini na nne kwenye insha? Unajifananisha na Mwandishi Mkuu?"

"Nani mwingine amesikia upuuzi huu?" aliuliza Afisa.

Niliadhibiwa kwa kosa la kudai maandishi ya mtu mwingine. Adhabu: niuandike mstari ule mara mia mbili. Mwalimu mkuu alipokagua karatasi, alisema mwandiko wangu umeanza kukaribia wa Mwandishi, na nikiendelea hivyo nitakuwa mtu.

Leo nimerudi stooni kumpa majibu. Mama Pindo anashona bila kuinua uso. Amechana ukanda wa kitambaa cha sare, ncha moja ameifunga mkononi kwa mama yake, nyingine kwenye kikanyagio cha cherehani, ili Bibi akitaka kitu avute tu, asipige kelele. Lakini kikanyagio kikienda, mkono wa Bibi nao unaenda, juu, chini, juu, chini, na yeye amekaa kitandani akiufuata kwa uso.

"Unaniita?" anauliza.

"Hapana, Mama. Nashona."

Mkono unapanda. "Unaniita?"

"Nashona, Mama."

Nimejikwaa kwenye gunia. Bibi akageuka. "Nani huyo?"

Mama Pindo aliinua uso. Aliacha kukanyaga, akanisubiri.

"Ni mimi, Bibi," nikasema. "Ni mimi niliyeandika."