Kriki Iliyouzwa Kapata

Mama Mwamini hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, wala ya pili, na wauza nyanya wa Kapata, mtaa wa watu wa mgodi mjini Kolwezi, walipomwona anakuja walianza kuchoka kabla hajafika. Alikuwa mjane wa Abedi, dereva mwenye asili ya Kasongo, aliyemwachia vitu viwili: binti mwenye mdomo mrefu, Farida, na pikapu ya Pejo 404 yenye umri wa kuitwa bibi. Kwa pikapu hiyo alipeleka chumvi na makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, hadi Lubudi, akarudi na unga wa mahindi. Pikapu ikisimama, na jiko la nyumbani linasimama.

Sasa ilikuwa karibu kusimama. Breki za mbele zilianza kulia njiani, na gari lilikuwa linakwenda kwa kumwomba Mungu kila penye mteremko. Miaka yote kazi ya kuzitengeneza ilikuwa ya Tata Tshibangu, fundi wa gereji ya kampuni ya mgodi, jirani wa safu ya pili ya nyumba, ambaye jioni alitengeneza magari ya watu uani kwake. Lakini huo ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mshahara ulikuwa hadithi ya wazee, halafu, utafikiri njaa peke yake haikutosha, wakatokea watu wa kutangaza barabarani kwamba wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, warudi kwao. Tshibangu alikuwa mmoja wao, ila alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akang'olewa meno mawili Kolwezi. Kwao ni wapi tena? Swali hilo hakuna aliyetaka kulijibu. Aliondolewa kazini, akaambiwa aiache nyumba ya kampuni, na sasa yeye na mkewe Ntumba walikuwa wanangoja treni ya Alhamisi.

Basi Mwamini aliamua atafungua magurudumu mwenyewe. Mikono alikuwa nayo, spana za marehemu zilikuwepo, na kazi ya breki aliijua kwa miaka ya kukaa kwenye kigoda karibu na Tshibangu, akimchunga asimtoze kazi ambayo hakuifanya. Alichokosa ni kriki, ile ya magurudumu inayosukumwa chini ya gari, ukipiga mpini, gari linainuka.

Kapata yote siku hizo ilikuwa soko. Mbele ya nyumba za watu wa Kasai vilipangwa vitanda, friji na masufuria, na mpita njia alitaja bei anayotaka yeye. Pesa yenyewe ilikuwa imekufa, asubuhi inanunua mkate, jioni inanunua karatasi ya kuufungia, kwa hiyo watu walibadilishana vitu. Friji ilikwenda kwa bakuli la unga. Mwamini alipita katikati ya yote hayo akitazama mbele, shingo imekaza. Alikuwa ameapa mbele ya Farida kwamba kitu cha kunyang'anya hakitavuka mlango wake. Kunyang'anya ni kunyang'anya, alisema, hata kama umemwachia mwenyewe kipande cha sabuni mkononi. Kriki aliitaka, tena sana, lakini aliitaka kwa bei ya halali, na bei ya halali kwake ni ile ambayo watu wawili wameigombania mpaka kila mmoja akaona amepigwa.

Alianzia sokoni. Kulikuwa na kriki nyekundu iliyotoka Zambia, inang'aa, muuzaji anaipangusa kwa kitambaa kama mtoto wa ubatizo. Mwamini aliishika kichwa akaitikisa, ikacheza kulia na kushoto. Akaomba ijaribiwe kwenye gari la mtu aliyekuwa ameegesha pale. Ikanyanyua vizuri, na kabla muuzaji hajamaliza kuisifu, gari likaanza kushuka lenyewe, polepole, kwa adabu. Mwamini alimshukuru muuzaji kwa onyesho.

Akaenda kwa Dady, kijana mnene aliyekuwa amefungua duka ghafla, bila mtaji, katika nyumba ambayo mwezi uliopita ilikuwa ya mtu mwingine. Kriki ya Dady ilikuwa kubwa, ya gereji ya malori, nzito kiasi cha kuhitaji wanaume wawili. Mwamini akapima urefu wake kwa shibiri, akaona kwamba hata ikishushwa kabisa haitaingia chini ya Pejo, mpaka kwanza upate kriki nyingine ya kuinulia gari. Kisha akauliza mwenye mali ni nani. Dady akasema mwenyewe amesafiri. Mwamini akapiga sonyo moja ndefu, akaondoka.

Ikabaki kriki ya Tshibangu. Aliijua vizuri: fupi, mgongo mpana, magurudumu ya chuma, rangi imekwisha mpaka haijulikani ilizaliwa na rangi gani. Kusema kweli alikuwa ameikwepa kwa makusudi. Aliona aibu kusimama mbele ya mlango ule pamoja na wale wenye mabakuli. Lakini Jumanne akajipa moyo, akaendesha pikapu taratibu hadi pale, akajisemea kwamba yeye anakwenda kununua kama siku zote.

Tshibangu alikuwa amekaa juu ya furushi. Mwamini akamsalimu, akamsalimu Ntumba, akauliza bei ya kriki. Tshibangu akamwambia ataje mwenyewe. Mwamini akataja kama inavyotajwa, yaani bei ya matusi, ya kufungulia mazungumzo: meka moja ya unga, kopo lile la kupimia la sokoni, tena lisijae sana. Akangoja. Hapo, kwa desturi, mwenye mali hushika kifua, humwita Mungu, humwita mke aje ashuhudie anavyouawa.

"Sawa," akasema Tshibangu.

Mwamini alishtuka kuliko angetukanwa. Miaka thelathini ya kununua ilikuwa imemfundisha kwamba muuzaji asiyepiga kelele anaficha ugonjwa. Akainusa kriki, akatafuta mafuta yanayovuja, akapapasa magurudumu. Akasema haitaki hivihivi, ataipima kwanza nyumbani. Tshibangu akainua mkono tu, kwamba aipeleke.

Kipimo cha Mwamini alikirithi kwa Abedi. Baada ya sala ya adhuhuri aliinyanyua Pejo mbele, akafunga uzi kwenye bampa, na mwisho wa uzi akaning'iniza nati, ikae juu ya ardhi kwa unene wa karatasi. Gari likishuka hata kidogo, nati itagusa chini na uzi utalegea. Akaketi kwenye kigoda akaikodolea macho nati hadi alasiri. Farida alipita mara nne akimuuliza kama imeshaanguliwa. Nati haikugusa. Uzi ulikuwa umenyooka vilevile, na kriki ilikuwa kavu kama mdomo wa mfungaji wa Ramadhani.

"Iko muzima," akasema Mwamini, amechanganyikiwa. "Sasa juu ya nini alisema sawa?"

Farida akaacha kucheka. Akamweleza kwamba Tata Tshibangu anasema sawa kwa kila mtu. Asubuhi ile mashini ya kushona ya Mama Ntumba ilikwenda kwa miche miwili ya sabuni, na alisema sawa. "Ule muzee hauzishe, mama. Anatupa. Na weye ulikuwa pale kuokota."

Neno hilo lilimkaa Mwamini vibaya. Usiku ule hakula. Meka moja, tena isiyojaa! Yeye aliyeapa. Angerudisha kriki, gari lingekufa. Angempa Tshibangu unga wa bure, angemgeuza ombaomba mbele ya mkewe. Hakuona njia nyingine ila moja, ile anayoijua.

Jumatano asubuhi alirudi na kriki, akaishusha mbele ya mlango kwa kishindo ili safu nzima isikie. Akasema kitu hiki hakifai hata kwa hiyo meka moja. Tshibangu akasema basi aache. Mwamini akasema inalia ikipanda. Tshibangu akanyamaza. Akasema magurudumu yamepinda. Kimya. Akasema mpini mfupi, mtu atavunjika kiuno. Tshibangu alikuwa anatazama barabara. Mwamini akaona jasho linamtoka, maneno yanamwishia, na hapo akashika la mwisho, la dhambi, akijua kwamba ule mpira wa ndani, unaozuia mafuta yasivuje, Tshibangu aliukata kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye mkanda mkuukuu wa mgodi.

"Na hii mpira ya ndani," akasema, "nani aliikata? Inaonekana ni kazi ya mutu wa kushona viatu."

Tshibangu aligeuka taratibu.

"Unasema nini?"

"Minasema ni kazi ya mushona viatu."

Mungu wangu. Mzee alisimama, furushi likapinduka. Alipiga magoti mbele ya kriki, akaifungua kofia ya mafuta, akamwita Mwamini aweke macho pale kama anayo. Akasema miaka kumi na moja mpira ule haujatoa tone. Akamwonyesha mgongo mpana usioyumba, kichwa kinachoingia chini ya gari lolote hata lenye springi zilizokufa, na vali inayoshusha gari pole kama mama anayelaza mtoto. Akasema mtu anayechagua kriki kwa rangi na aendelee kupanda punda. Majirani walikuwa wameanza kusogea. Ntumba alitoka na mwiko mkononi, akamtazama mumewe, akaegemea mlango, akaanza kucheka taratibu, cheko ambalo nyumba ile haikulisikia tangu Pasaka.

Mwamini akapanda hadi meka tatu. Tshibangu akashika kifua. Akamwita Mungu, akamwita Ntumba aje ashuhudie. Akadai mfuko mzima wa unga. Mwamini akaondoka mara mbili na kuitwa mara mbili. Mahali fulani kati ya mfuko na nusu mfuko alisahau kwamba alikuja kupoteza, akaanza kupigana kweli, akataja uyatima wa Farida, akamtaja marehemu. Tshibangu naye hakumhurumia hata punje. Jua lilipokaa utosini alikuwa amempiga mfuko mzima wa unga, makayabu kumi, dumu la mawese, na safari ya kuwapeleka yeye na Ntumba na mizigo yao yote hadi stesheni. Alipoulizwa nyongeza, akatoa kipande cha gogo cha kuegemezea gari, akamwagiza asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake, hata kriki ile.

Mwamini alitengeneza breki za Pejo mchana uleule, na Alhamisi akawapakia. Njiani, vijana waliokuwa wameweka kizuizi cha kukagua mizigo ya wanaofukuzwa walitaka kufungua mfuko wa unga. Mwamini akashuka akawaambia kwamba unga ule ni malipo, umenunua kitu, na atakayeugusa ataje kwanza yeye alitoa nini. Hawakuwa wamezoea kuulizwa hivyo. Wakapisha.

Stesheni ilijaa watu na magodoro. Mwamini alisimama karibu na behewa, hajui aagane vipi na mtu anayefukuzwa mbele ya macho yake, kwa hiyo alifanya anachokiweza: akalalamika. Akasema tangu azaliwe hajapigwa bei namna ile, kwamba Tata Tshibangu ni mwizi, na kwamba angejua angenunua ile nyekundu ya Zambia.

Tshibangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kazi balininyang'anya," akasema. "Nyumba balininyang'anya. Mashini ya Ntumba, ni vilevile tu. Lakini kriki, Mama Mwamini, kriki niliuzisha."

Mwamini alishika ncha moja ya mfuko wa unga, Tshibangu akashika nyingine, wakaupandisha kwenye behewa.