Tone Lenye Ukungu

Mlango wa chumba changu cha kupimia macho una uadui na bega langu la kushoto. Mwezi ule ulikuwa umenigonga mara tatu, na mara zote tatu niliutukana. Nasema mapema mnijue: mimi ni mwepesi wa hasira, na mwepesi zaidi wa kumtupia mwingine lawama, hata kama huyo mwingine ni mbao.

Lakini siku ninayoisimulia sikuwa na hasira na mlango. Nilikuwa naogopa. Wiki chache nyuma nilinunua simu mpya, yenye kioo ambacho muuzaji aliapa kwamba unaweza kuhesabu manyoya ya ndege kwenye picha. Kweli, kila kitu kiling'aa, isipokuwa aikoni moja, ya programu ya shirika la maji. Ni tone la buluu lenye bomba ndani yake. Kwangu mimi lilikuwa na ukungu, bomba halijulikani ni bomba au mkia. Nilifuta kioo kwa pindo la koti. Nikafumba jicho hili, nikafumba lile. Ukungu ulibaki palepale.

Mama yangu alipofuka kwa presha ya macho akiwa na umri kama wangu. Na mimi ndiyo kazi yangu. Najua vizuri kwamba ugonjwa ule huanza kula pembeni, taratibu, bila maumivu, na hauchagui picha moja kwenye simu ukaziacha nyingine. Najua yote hayo, lakini woga haujasoma chuo chochote. Chumba cha tatu kutoka kwangu kina mashine ya kupima presha hiyo, na daktari wake ni shoga yangu wa siku nyingi. Kila asubuhi nilipita mlangoni kwake nikijifanya nina haraka.

Basi akaingia dereva wa basi la shule, mtu mzima wa kukaribia sitini, kofia mkononi, fomu ya leseni kwapani.

"Kaa hapo, baba. Funika jicho la kulia, unisomee mstari wa nne."

Hakusita. Alizitoa herufi kwa mdundo, kama mtoto anayeghani jedwali la kuzidisha mbele ya darasa. Hata moja haikuwamo kwenye kibao cha herufi ukutani.

"Hebu rudia."

Akarudia vilevile, kwa mdundo uleule. Ndipo nikazitambua. Zilikuwa herufi za kibao cha zamani, nilichokiondoa wiki iliyopita kwa kuwa kilikuwa kimegeuka njano.

"Baba, umekariri?"

Aliizungusha kofia yake mikononi. "Wenzangu waliotangulia ndio walionipa. Mke wangu alikuwa ananisikiliza kila jioni."

Hasira zikanipanda. "Unabeba watoto wa watu! Njiani utasoma nini, herufi za mkeo?"

"Unadhani sijui, daktari? Hata usingizi sipati," akasema. "Miaka ishirini na sita sijamkwaruza mtoto wa mtu. Nikinyang'anywa usukani, sijui nitakuwa nani. Lakini macho yamekwisha. Tazama mwenyewe."

Akatoa simu, mpya kama yangu, akanionyesha kwa kidole. "Hizi nyingine zote naziona. Hili tone tu ndilo lina ukungu."

Nikaitoa yangu mfukoni nikailaza kando ya yake. Matone yalikuwa mawili, ukungu mmoja.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, baba."

Nikamwita mama wa usafi aliyekuwa akifagia nje, nikamwomba simu yake, ya zamani, ndogo, yenye ufa. Kwenye kioo kile tone lilikuwa kali, bomba linaonekana mpaka koki yake. Mama wa usafi akazitazama zetu, akacheka mpaka fagio likamponyoka.

"Wasomi nyie! Hiyo picha ilichorwa ndogo, ya simu kama yangu. Huko kwenu inavutwa ijae, ndiyo maana imelegea kama shingo ya fulana kuukuu."

Nilicheka hadi nikatafuta kiti. Dereva hakucheka; alijifuta machozi kwa kofia. Nikampima upya, kwa haki, kibao kipya, akashuka mpaka mstari wa nane. Miwani ya kusomea tu ndiyo aliyohitaji, kama wenziwe wote wa umri ule. Nikamgongea muhuri.

Alitakiwa aende zake, lakini alibaki amesimama.

"Na wewe, dada, nani anakupima?"

"Hakuna. Hivi vibao nimevisomesha watu miaka kumi na tisa. Nikifumba macho navisoma."

"Kumbe tumekariri wote wawili," akasema, akaenda kufungua dirisha. "Njoo. Funika jicho la kulia. Lile gari jeupe kule, namba yake?"

Nikasoma. Akanionyesha la nyuma yake, nikasoma nalo, tena kwa maringo.

"Mbele umefaulu. Ila mimi mbele hapajawahi kunitisha. Mtoto hatokei mbele, hutokea ubavuni. Tazama gari jeupe, usihamishe jicho."

Akasogea upande wangu wa kushoto. Kipimo hicho cha kuona pembeni hata sisi tunacho, kimo vitabuni. Yeye alifundishwa na barabara.

"Vidole vingapi?"

Nikangoja. Niliona gari jeupe, ukuta, na nguo zilizoanikwa nyuma ya ukuta.

"Nyoosha basi, baba! Nakungoja wewe."

Nilipogeuza kichwa, mkono wake ulikuwa umeinuliwa, vidole vitatu vimenyooka, shubiri moja tu kutoka bega langu la kushoto, lilelile linalogombana na mlango. Alikuwa ameshavinyoosha kitambo.

Nilitaka kusema nina wagonjwa wanaosubiri. Nilitaka kulilaumu dirisha, jua, hata yeye mwenyewe. Nilimfikiria mama, aliyekwenda kwa daktari siku aliyoshindwa kuuona mlango wa chumba chake. Mimi bado nilikuwa nauona, angalau nusu yake.

"Mashine iko chumba gani?" akauliza.

"Cha tatu. Lakini naogopa, baba."

"Hata mimi nilikuja naogopa. Twende."

Akavaa kofia yake, akashika upande wangu wa kushoto. Tulipofika kizingitini alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake kati ya bega langu na mbao.