Kioo Kipya cha Jeep ya Kambale

Chef Blanchard wa polisi ya barabarani hakuwa na haja ya filimbi. Alinyanyua kidole tu, na magari ya kutoka Bunia kwenda Komanda yakasimama. Asubuhi hiyo aliinyanyulia kidole jeep kuukuu ya Kambale, kisha akagonga kioo cha mbele kwa ukucha.

"Hii pare-brise imekufa."

"Haikukufa, chef, imepasuka tu. Fuso ilirusha jiwe kule Marabo. Mama Musoki alikuwa hapa mbele na mutoto. Hata damu haikutoka."

Musoki, muuza maharage, alikuwa bado kwenye kiti kilekile, mtoto mapajani. Aliinua mkono kutoa ushahidi. Chef hakumtazama, ushahidi usio na faida kwake ni kelele tu.

Kioo hicho kilikuwa vioo viwili vilivyogandishwa na ngozi ya plastiki katikati. Jiwe lilipopiga, vioo vilipasuka huku na huku, lakini plastiki ilivutika, ikafura kuelekea ndani, ikashika kila kipande na kulirudisha jiwe barabarani. Tangu siku hiyo Musoki hapandi jeep bila kupapasa kile kivimbe.

"Lete permis ya kuendesha," Chef alisema. "Utaikuta hapa ukisha weka kioo ya mupya. Enda kwa Eugène."

Eugène ni shemeji yake, na anauza vioo vya madirisha na kabati. Kioo chenye plastiki huagizwa mbali na kungojwa mpaka umsahau aliyekiagiza. Cha Eugène hukatwa wakati unakunywa chai. Jeep ya Kambale ina kioo bapa, kwa hiyo cha dirisha kinaingia bila shida. Shemeji wawili hao wamejaza barabara madirisha ya sebuleni yanayotembea, na hawaoni aibu.

"Uko na ile ya plastiki katikati?" Kambale aliuliza.

"Plastiki ya nini? Hii iko safi. Utaona mpaka Komanda."

"Na jiwe ikipiga?"

"Omba isipige."

Basi kikawekwa. Kile cha zamani kilitoka kwenye mpira wake kikilegea kama mkeka uliolowa, lakini hakikuangusha kipande. Kambale alikataa kukiacha. Alikifunga kwa kamba kwenye karieri ya paa, Eugène akimcheka.

Aliporudi na abiria wake, Chef alimpa permis huku akitabasamu.

"Sasa hii ni gari. Na miye niko naenda Komanda."

Akaenda kuchungulia nyuma. Abiria walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, magoti kwa magoti.

"Nyuma kumejaa, chef," Kambale alisema. "Panda mbele. Mama Musoki atakuachia."

Musoki alikwisha shuka. Chef alikitazama kiti, akakitazama kioo. Alikigonga kwa ukucha kama asubuhi, kikalia kama glasi ya chai.

"Mama abakie na mutoto yake. Nitangoja gari ingine."

"Kioo iko mupya, chef. Weye mwenyewe ulisema."

"Nimesema nitangoja."

Hakungoja sana. Ilitokea taksi iliyopasuka kioo cha mbele kutoka pembe hadi pembe. Chef akanyanyua kidole, na Kambale akatega sikio asikie permis ya mwenzake ikiitishwa. Haikuitishwa. Chef alipanda mbele, nyuma ya ule mpasuko, akafunga mkanda, wakaondoka.

Musoki alisimama kando ya mlango, mtoto kifuani, asipande.

"Huyu muntu alijua," alisema.

"Alijua tangu zamani, mama."

Kambale alizima injini. Aliwaomba abiria washuke kidogo, akapanda kwenye karieri na kuanza kufungua kamba za kioo cha zamani.