Tunaomba Radhi, Shangazi Hajafariki

Jana usiku nililala mapema, nikaota niko hewani. Sisemi hewani kwa maana ya kazini, ingawa mimi ni mtangazaji wa redio ya mkoa na kipindi changu cha asubuhi ni cha salamu na matangazo ya vifo. Nilikuwa hewani kweli. Meza, viti na mitambo vyote vinaelea juu ya mabati ya soko, na chini watu wananunua senene bila habari na mimi.

Sikushangaa. Nilisogeza kiti taratibu nisije nikadondoka.

"Umemuua shangazi yako," Maikrofoni ikaniambia.

Iliongea kwa sauti ya taarifa ya habari, haina haraka na mtu. Nikaiuliza shangazi yupi.

"Kokushubira. Tangazo lilisema habari ziwafikie ndugu wote, akiwemo Shangazi Kokushubira wa Kamachumu. Wewe umeruka mstari, umemsoma kwenye nafasi ya marehemu."

"Na marehemu mwenyewe?"

"Ameona nafasi yake imechukuliwa, amerudi nyumbani kunywa chai."

Nikasema hakuna tabu, nitasahihisha.

"Basi wahi," ikasema. "Tangazo likisomwa mara moja ni uvumi. Likirudiwa, limethibitika. Na hilo linarudiwa mwisho wa kipindi, kama kawaida."

Hapo nikaogopa. Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, sina mwingine, na sasa nilikuwa nakwenda kumzika kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikafungua mlango wa studio nikamtafute mhariri, nikajikuta uwanjani kwa Shangazi.

Turubai limeshafungwa. Wanaume wamejaa kwenye viti vya plastiki na hakuna anayeweza kuinuka, kwa sababu asubuhi niliwaambia wasikilizaji wasibanduke. Sufuria ya ndizi inaungua jikoni, na mpishi anaitazama kwa huzuni akiwa kitini.

Shangazi amekaa katikati ya waombolezaji, ameshika tama, analia kuliko wote.

"Shikamoo, Shangazi. Unalia nini?"

"Marahaba. Nimefiwa, mwanangu. Nimefiwa na mimi."

"Lakini si uko hai?"

"Redio imesema. Mimi ni nani hata niibishie redio? Na wewe ulivyosoma vizuri, sauti imetulia, mpaka nikajionea huruma."

Nikamshika mkono. Mlango wa studio ulikuwa bado umesimama pale kwenye migomba, tukapita. Kwenye kiti changu tukamkuta bwana mmoja mfupi, miguu haifiki sakafuni, kanuna.

"Huyo ni Muda," Maikrofoni ikasema.

Nikamwomba Muda anisubiri kidogo nisome masahihisho.

"Nikusubiri kwa lipi?" akasema. "Kila siku unawaambia watu muda wetu ni mfupi. Juzi umesema muda si rafiki. Mkoa mzima unasikia."

Nikaomba radhi. Akatazama pembeni, na dari ikaanza kupiga muziki wa kufungia kipindi.

"Na hata akikusubiri," Maikrofoni ikaongeza, "huwezi kumtoa marehemu ukaacha nafasi wazi. Tangazo la kifo lisilo na marehemu ni tangazo la biashara."

"Msome Byabato," Shangazi akasema haraka. Byabato ni jirani yake, mwenye mbuzi wanaokula mboga za watu.

"Lazima awe wa nyumbani kwako."

Shangazi akahesabu kwa vidole. "Nyumbani nimebaki mimi na jogoo."

Tukatazamana. Jogoo huyo anaitwa Diwani, kwa sababu ana kelele nyingi na hajawahi kufanya lolote. Shangazi humpa chakula kabla hajala yeye. Aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa pembe ya kanga.

"Haya, msome. Lakini msome kwa heshima, kama mtu."

Nikabanana na Muda kwenye kiti kile kile, nikavuta Maikrofoni. "Tunaomba radhi, wasikilizaji. Aliyefariki si Shangazi Kokushubira. Aliyefariki ni jogoo wake, Diwani, aliyefikwa na mauti nyumbani kwake Kamachumu baada ya kuugua kwa muda mrefu."

Hayo ya mwisho yalitoka yenyewe. Jogoo yule hajawahi hata kupiga chafya, lakini ni mazoea ya kazi, kifo mdomoni mwangu hakikamiliki bila maneno hayo.

Muda akageuka. "Umesema muda nini?"

"Muda mrefu."

Miguu yake ikaanza kushuka. Ikagusa sakafu, magoti yakapanda, kichwa kikafika darini na muziki ukakatika. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyenunuliwa viatu. "Rudia," akasema, "wala usikimbie."

Nikarudia lote, polepole, kwa heshima zake. Likathibitika. Kule chini nikasikia viti vya plastiki vikiwaachia watu kimoja kimoja, na Shangazi akaanza kuniuliza kama nimekula.

Nikaamka. Kumekucha, simu inaita, na ni yeye. Niliposikia tu sauti yake nilifurahi nusura nilie.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Diwani amekufa. Nimemkuta bandani kalala chali."

"Pole sana, Shangazi."

"Nimeshapoa. Ila wewe mtoto na mazoea yako." Akashusha sauti, maana nyuma yake nilisikia watu wengi. "Kulikuwa na haja gani ya kusema kaugua muda mrefu? Nimeshampika, na sasa Byabato na wenzake wote wanaogopa kumla."