Kipande cha Matumbawe

Peleiupu alinikalia mapajani ili nisirushe mguu, na Mama Fuatino, mkandaji wa kijiji, akapitisha sindano kwenye moto wa kibiriti.

"Tulia, Faamanu," akasema. "Kipande cha matumbawe hakitoki kwa maombi."

Hapakuwa na kipande chochote. Nililijua hilo peke yangu, katika nyumba ile isiyo na kuta, mbele ya kamati nzima ya wanawake ambayo mwenyekiti wake nilikuwa mimi.

Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimewaka juzi yake alfajiri, ghafla, kana kwamba mtu amekichomeka kwenye makaa. Shuka ilipokigusa tu, machozi yalinitoka. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miaka nilijifungia ndani maumivu yale yakija, nikisingizia mafua, hadi pembeni mwa kidole kikaota kinundu kigumu kama punje ya mahindi. Lakini safari hii kanisa jipya lilikuwa karibu kufunguliwa. Wanawake wakaja kunitafuta, wakanikuta nachechemea, na mmoja akasema, "Kakanyaga matumbawe huyu." Nikanyamaza. Ilikuwa rahisi kuliko kutaja jongo, ule ugonjwa wa viungo.

Kisiwani kwetu Savai'i, huko Samoa, jongo ni la wanaume. Kaka yangu alikuwa nalo, na kila alipopita akiburuta mguu, walimtania juu ya bia na nyama ya kopo. Peleiupu ndiye aliyewachekesha wenzake kuliko wote: "Muulizeni tumbo lake, mguu hauna kosa." Mwanamke je, angeambiwa nini? Kwamba analewa nyuma ya jiko. Tena mimi, niliyekagua usafi wa nyumba zao na kunyanyua mikeka yao kutafuta vumbi.

Sindano ikazama kwenye kinundu. Sijui nilipiga ukelele gani. Kitu cheupe kikachomoza.

"Hicho hapo," Peleiupu akasema kwa furaha.

Mama Fuatino hakufurahi. Alikichukua kwa ncha ya kidole, akakisugua, kikasambaa kama chaki iliyoloa. Akanitazama usoni.

"Haya si matumbawe, mwanangu. Marehemu baba yangu alikuwa akitokwa na hivi hivi, kwenye kiwiko."

Wote walimkumbuka baba yake na jongo lake. Peleiupu aliinuka mapajani mwangu polepole. Mmoja akakumbuka chungu jikoni, mwingine nguo alizoanika. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Hospitalini, daktari alivuta maji ya kiungo kwa bomba la sindano, kisha akaniita nichungulie kwenye darubini. Niliona vijiti vyembamba vinavyong'aa, vyenye ncha kali, vimerundikana ovyo.

"Hizi ni fuwele," akasema. "Damu yako ina asidi ya yuriki ambayo figo hazimudu kuitoa. Ikizidi, inaganda kwenye viungo. Mwili unaiona adui, unaishambulia, na vita hivyo ndivyo moto unaousikia."

"Ni ulafi?" nikauliza.

"Bia na vyakula vingine huchochea. Lakini sehemu kubwa umezaliwa nayo, wewe na kaka yako."

Nilitamani ayaseme hayo kijijini, kwa kipaza sauti. Niliporudi na dawa, sikumwambia mtu hata neno moja.

Siku ya kufungua kanisa nilishindwa kukunja miguu. Kuwanyooshea wageni mguu mtupu ni kuwavunjia heshima, kwa hiyo Mama Fuatino aliutupia mkeka bila kunitazama. Hotuba zilikuwa ndefu. Kila mgeni aliyeingia aliutazama mkeka kwanza, ndipo akanitazama mimi, nami nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Miezi ikapita. Mchana mmoja Peleiupu alikuja kwa mlango wa jikoni, na majimbi ambayo sikumwomba. Aliketi taratibu, akauficha mguu mmoja chini ya sketi.

"Ile dawa uliyorudi nayo hospitalini," akasema, "unakunywa asubuhi au jioni?"

"Asubuhi. Kila siku, hata kama huumwi. Lakini daktari akupime kwanza."

"Hata kama huumwi," akarudia.

Sikumwuliza zaidi. Tulikuwa wawili tu, na majirani walikuwa shambani, lakini tangu mwanzo tulikuwa tukinong'ona.