Kiti cha Mwalimu

Mjukuu wangu alikuwa maabarani, nami nikimsubiri kando, akiihangaikia seli ya marehemu mwalimu wake, ile inayogeuza hidrojeni kuwa umeme. Ilikuwa imegoma tangu mazishi, na mkuu wa maabara alisema isipowaka leo itupwe.

"Bibi, nimeshindwa," alisema, akauchomoa mpira ulioiletea seli gesi.

Mlango ukagongwa taratibu. Kwa mazoea nikaitikia, "Karibu, pita."

Hakuingia mtu. Balbu iliyounganishwa na seli ikawaka, bila gesi.

Mjukuu aliutazama mpira mkononi mwake. "Mwalimu aligonga hivyo kila asubuhi, hata chumba kikiwa kitupu. Alisema asije akaishtua seli." Akanigeukia. "Bibi, umemkaribisha nani?"

Nilivuta kiti, nikakipangusa vumbi, nikakiweka karibu na seli, nisije nikamwacha mzee wa watu amesimama.